SOMO LA TISA: MUZIGO WA MOYO NA NAMNA YA KUUCHUKUA

Katika masomo yaliyotangulia tulizungumuza juu ya malaria, minyoo na maji ya kunywa. Leo tutazungumuza juu ya taabu isiyoonekana katika mikroskopi, lakini inaleta watu wengi katika hospitali yetu.

Kila asubui wagonjwa wanakaa kwenye mabenchi mbele ya mulango wa munganga. Mumoja anasema, "Kichwa kinaniuma tangu miezi mitatu." Mwingine anasema, "Moyo unapiga mbio, na mwili unawaka kama pilipili." Wa tatu anasema, "Sipati usingizi. Ninasikia jogoo wa kwanza na wa pili." Tunapima damu, hakuna malaria. Tunapima choo, hakuna minyoo. Mugonjwa anakasirika, kwa sababu alilipa karatasi na hatukumupa sindano. Ndipo tunamuuliza, "Mama, habari za nyumbani ni gani?" Ananyamaza. Anatazama chini. Kisha machozi yanaanza kutoka.

Wazee wanasema mutu wa namna hii "ana mawazo mengi," ao "moyo wake ni muzito." Vijana wa muji wanasema, "Niko na stresi." Sisi tutasema mahangaiko. Kila mutu aliye hai anayajua. Kwa hiyo somo hili halifundishi kuishi bila mahangaiko. Mutu akikuahidi dawa ya namna ile, shika mufuko wako. Linafundisha kuchukua muzigo, kwa sababu kuna namna inayopunguza uzito, na kuna namna inayoongeza muzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

BWANA NA BIBI YAKE

Tusikie kwanza habari za nyumba moja. Tumebadilisha mambo machache ili watu wale wasijulikane.

Tarehe 22 Mei 2021, wakati wa jioni, mulima wa Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukashuka mpaka Buhene, karibu na muji wa Goma. Nyumba nyingi ziliungua. Bwana huyu alikuwa mwashi. Alikuwa amejenga nyumba yake kwa miaka 6, chumba kwa chumba. Kwa usiku mumoja ikafunikwa. Yeye, bibi yake na watoto 4 waliokoka wote, lakini walitoka na godoro moja na sufuria.

Bwana hakuweza kulala. Udongo ulipotetemeka hata kidogo, aliruka. Rafiki akamupa kikombe cha lotoko, na usiku ule akalala. Akasema, "Hii ndiyo dawa yangu." Mwezi wa kwanza kikombe kimoja kilitosha. Mwezi wa tatu chupa haikutosha. Watu wa kanisa walikuwa wamewapa mabati 12 kwa nyumba mupya, nayo yaliwekwa kwa jirani. Siku moja bibi yake alikwenda kuyatazama, akakuta 5.

Bibi naye alikuwa na njia yake. Hakunywa pombe. Hakulia. Hakusema neno kwa mutu. Aliuza makala tangu alfajiri hata usiku, na kila juma alifunga chakula siku 3 ili Mungu amugeuze bwana yake. Alikuwa na ugonjwa wa tansio, na siku za kufunga hakumeza vidonge vyake. Watu walimusifu, wakasema, "Mama huyu ni imara." Siku moja akaanguka sokoni. Mukono wa kuume ukalegea, na maneno hayakutoka. Ndivyo tulivyowajua: yeye amelala katika kitanda, na bwana yake amesimama mulangoni, ananuka lotoko, anatetemeka.

Watu hawa wawili walipoteza kitu kimoja. Hakuna kati yao aliyekuwa mutu mubaya. Kila mumoja alitafuta namna ya kuchukua muzigo wake, na namna ile ikaleta muzigo mwingine. Tutarudi kwao.

MWILI UNAFANYA NINI

Mahangaiko si uvivu, wala si pepo. Ni kazi ya mwili wenyewe. Ndani yetu kuna mulinzi. Ukikuta nyoka katika njia ya shamba, huketi chini kufikiri. Tezi ndogo mbili zinazokaa juu ya figo zinamwaga maji ya nguvu ndani ya damu, na jina lake ni adrenalini. Moyo unapiga mbio ili damu ifike katika miguu. Pumzi inakwenda haraka. Sukari inatoka katika ini na kuingia katika damu, ili misuli ipate chakula. Tumbo linaacha kazi, kwa sababu huu si wakati wa kusaga ugali. Unaruka, unakimbia, na kisha muda kidogo mwili unatulia. Ni kazi nzuri kabisa.

Lakini nyoka anaondoka. Deni haliondoki. Sauti ya bunduki upande wa pili wa kilima haiondoki. Basi mulinzi yule anasimama usiku na muchana, na tezi zile zinaendelea kumwaga kitu kingine, kortizoli, wiki kwa wiki. Hapo usingizi unapotea, shingo na mugongo vinakauka, tumbo linasumbuka, tansio inapanda, mutu anasahau maneno na kukasirikia watoto bila sababu. Ni kama askari aliyesimama zamu mwezi muzima bila kubadilishwa: mwishoni anapiga risasi hata kwa mbuzi.

Katika mwaka 1936 Hans Selye, mwenye elimu wa muji wa Montreal katika Kanada, aliandika habari za panya aliowatesa kwa baridi, kwa dawa kali na kwa kazi kupita nguvu zao. Mateso yalikuwa mbalimbali, lakini ndani ya miili aliona mambo yale yale: tezi za juu ya figo zilivimba, na vidonda vilitokea tumboni. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo tu. Kumbe sivyo. Katika Australia, tangu mwaka 1982, wanganga wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha kwamba mikrobi inayoitwa Helicobacter pylori inakaa katika tumbo, nayo inaleta vidonda vingi. Walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2005. Tunasimulia habari hii kwa sababu wagonjwa wengine wanaambiwa, "Ni mawazo tu, nenda nyumbani." Usikubali neno hili mbele ya kupimwa. Mawazo na mikrobi vinaweza kukaa katika tumbo moja. Na mutu anayemeza vidonge vya maumivu kila siku, kama ibuprofeni na diklofenaki, kwa ajili ya kichwa kinachotoka katika mahangaiko, naye anaweza kujitoboa tumbo kwa dawa ile.

NJIA ZINAZOONGEZA MUZIGO

Tuanze na pombe. Pombe inaleta usingizi haraka. Hii ni kweli, na kwa sababu ni kweli inadanganya watu wengi. Lakini pombe ikianza kutoka katika damu, kisha masaa machache, ubongo unaamuka kwa nguvu. Mutu anafungua macho saa nane ya usiku. Moyo unapiga, jasho linatoka, na mawazo yale yale yanamungoja kando ya kitanda. Asubui mikono inatetemeka. Anafikiri ni taabu yake ya zamani, kumbe nusu yake imeletwa na kikombe. Basi anakunywa tena ili aondoe kilicholetwa na kunywa. Mwili unazoea, na kesho unaomba zaidi.

Lotoko ina hatari nyingine, maana hakuna anayeipima. Mara nyingine ndani yake kuna pombe ya sumu inayoitwa methanoli, inayoharibu mushipa wa macho. Mutu analala akiona, anaamuka kipofu. Kasiksi si kali kama lotoko, lakini anayeikunywa kila jioni ili alale anafuata njia ile ile, polepole.

Hapa tuna neno kwa nyumba ya munywaji. Mutu aliyekunywa sana kila siku kwa miezi, akiacha kwa gafula, anaweza kushikwa na kifafa, kuona vitu visivyokuwako, hata kufa. Siku tatu za kwanza zina hatari kubwa. Basi musimufungie katika chumba na kusema, "Atapona." Mulete katika hospitali. Kuna dawa ya kumushusha polepole.

Wengine wanakimbilia vidonge. Diazepamu, ambayo watu wanaiita Valium, inauzwa sokoni pamoja na sabuni na viberiti. Ni dawa nzuri ikiwa katika mukono wa munganga, kwa siku chache. Kisha wiki kadhaa mwili unaizoea, na kuiacha kwa gafula kunaleta taabu kama ile ya pombe. Ukiichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama katika usingizi. Tumbako nayo ni mwongo: mutu anavuta sigara na kusema ametulia, lakini alichotuliza ni njaa ya sigara, iliyoletwa na sigara ya mbele yake. Bangi inafungulia vijana wengine mulango wa wazimu. Kahawa ya Kivu ni nzuri sana, nasi tunaipenda, lakini asiyepata usingizi asiinywe kisha muchana.

Kuna njia nyingine zisizouzwa katika chupa. Mwanaume anatukanwa na mukubwa wake kazini, halafu anarudi nyumbani na kupiga mutoto. Mwingine anatafuta mutu wa kushitaki: "Nani ameniroga? Nani alinitilia sumu?" Mashitaka yanatuliza moyo kwa siku mbili, kwa sababu sasa taabu imepata jina. Lakini jina lile mara nyingi ni la bibi muzee asiye na mutu wa kumutetea, ao la yatima anayelala jikoni. Tumepokea watoto waliofukuzwa usiku kwa ajili ya jambo hili. Deni la baba lilibaki pale pale.

Na kuna njia ya mama yule: kunyamaza, kufanya kazi bila kukoma, na kufunga chakula bila kumeza dawa. Hii ni vigumu kuikemea, kwa sababu sisi watu wa kanisa tunaisifu. Hatusemi kwamba kufunga ni kubaya. Tunasema kwamba mutu wa tansio, mutu wa diabeti, mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wasifunge mbele ya kuuliza munganga, na wasiache vidonge vyao hata siku moja. Maji kidogo ya kumeza kidonge hayaharibu sala.

HABARI ZA ELIYA

Wengine wanasema mukristo wa kweli hana mahangaiko. Tunauliza, je, walisoma 1 Wafalme 19? Nabii Eliya alisimama mbele ya manabii 450 wa Baali bila hofu. Kisha Yezebeli alimutumia neno moja tu, naye akakimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya muti, akaomba afe. Angalieni malaika alivyofanya. Hakumukemea. Hakumuhubiri juu ya imani. Alimwacha alale. Akamwamusha, akamupa mukate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akamwamusha mara ya pili, akamulisha tena, maana safari ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Ni nyuma ya siku nyingi ndipo Mungu alipozungumuza naye, na hata hapo alianza kwa kumuuliza, akamwacha aseme uchungu wake wote, mara mbili. Mwishoni akamupa mwenzake wa kazi, Elisha.

Usingizi, chakula, sikio la kusikiliza, na mwenzake. Munganga wa siku hizi hana mupango wa kuanzia ulio bora kuliko huu.

NJIA ZINAZOPUNGUZA MUZIGO

Lala na kuamuka kwa saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mubaya. Usingizi ukikataa, usipigane nao. Toka kitandani, keti kidogo katika giza, rudi unaposikia macho mazito. Simu isilale pamoja nawe. Habari za vita zinazotumwa katika simu usiku hazizuii vita, zinazuia usingizi tu. Sikiliza habari mara moja kwa siku, inatosha. Kula kidogo hata pasipo njaa.

Juu ya pumzi tunataka kukaa zaidi, kwa sababu haina bei. Huwezi kuamuru adrenalini, wala huwezi kuamuru moyo, lakini unaweza kuamuru pumzi. Keti, nyayo zote mbili zikanyage udongo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, tumbo liinuke. Toa polepole ukihesabu mpaka 6. Fanya hivi kwa dakika 5. Kutoa pumzi polepole kunaamusha mushipa mukubwa unaotoka katika ubongo na kushuka mpaka moyoni, na moyo unapunguza mwendo. Watu wanacheka tukiwafundisha. Tunawaacha wacheke, kisha tunahesabu mapigo ya moyo wao mbele na nyuma, na wanaona wenyewe kwa saa ya ukutani. Katika mwaka 2020 Shirika la Afya la Ulimwengu, ndilo OMS, lilitoa kitabu kidogo cha picha chenye mazoezi ya namna hii. Mafundisho yake yalijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudani ya Kusini waliokuwa katika kambi inchini Uganda, nao walipata nafuu.

Tena, tembea ao lima. Sukari iliyomwagwa katika damu inangoja miguu iitumie. Mujane anayeketi ndani siku nzima, mumutume kuteka maji pamoja na wengine, si kwa kumutesa, lakini kwa kumusaidia.

Halafu neno lililo gumu kwa wanaume: sema. Chagua mutu mumoja, asiye na kinywa kama ngoma ya soko, umwambie. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini jambo hili lilipimwa kwa uangalifu, na matokeo yakaandikwa mwaka 2013. Wanawake waliotendewa jeuri wakati wa vita walikusanyika katika vikundi, karibu mara 12, wakifundishwa kutazama mawazo yanayowatesa, kama lile linalosema, "Ni kosa langu," na kuyauliza kama ni ya kweli. Waliowaongoza hawakuwa wanganga. Walikuwa wanawake wa hapa kwetu waliofundishwa kazi ile. Wale wa vikundi walipata nafuu kubwa, na kisha miezi 6 walikuwa wangali vizuri. Katika Bukavu, hospitali ya Panzi ya Munganga Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, inafanya vivyo hivyo: inaponya mwili, na inawapa wagonjwa mutu wa kuwasikiliza.

Tena gawanya muzigo. Baba analala na minervali ya watoto wawili wa sekondari, kodi ya nyumba, mama yake mugonjwa na vita, vyote vimefungwa katika kamba moja. Afungue kamba. Aandike kila kitu katika karatasi. Minervali: anaweza kwenda kwa mukubwa wa shule juma hili kuomba kulipa mara tatu. Kodi: zamu yake ya likelemba itafika mwezi ujao. Mama: aulize ndugu zake wachange. Vita: hapa hana la kufanya leo, basi asiwaze saa nane ya usiku kama kwamba yeye ni jenerali.

WAKATI WA KUJA HOSPITALI

Njoo kama wiki mbili zinapita bila furaha, bila usingizi, bila hamu ya chakula, na kazi inakushinda. Njoo kama ndoto za vita zinarudi kila usiku mwezi muzima. Mwanamuke aliyelazimishwa aje mara moja, mbele ya siku 3 kupita, kwa sababu kuna dawa ya kuzuia ukimwi inayopaswa kuanza ndani ya masaa 72. Akichelewa, aje vivyo hivyo. Hatutamuuliza kwa nini.

Kama mutu anasema afadhali afe, usimwambie, "Nyamaza, ni zambi." Umuulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumutii wazo lile moyoni. Mara nyingi kunamufungulia kinywa. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani dawa ya wadudu wa shamba. Umulete, hata kama ni usiku.

Mama wa Buhene alikaa nasi wiki 5. Sasa anatembea na fimbo, na maneno yake yanatoka polepole, lakini yanatoka. Kila siku ya ine anaketi na wanawake wengine nyuma ya hospitali, na wanasema yeye ndiye anayechekesha wote. Anameza kidonge chake kila asubui. Bwana yake tulimulaza siku 9. Alirudia lotoko mara mbili, na mara mbili bibi yake alimurudisha kwetu, yeye na fimbo yake. Mabati 7 hayakuonekana tena. Mara ya mwisho alipokuja kuchukua dawa za tansio za bibi yake, tulimuuliza juu ya usingizi. Akasema alilala masaa 4, kisha akasikia jogoo wa pili. Tukaandika katika karatasi yake: masaa 4, bila lotoko.